Wingi wa mifumo endeshi huria: unapokinga na unapopoteza nguvu

Lalamiko ni la siku nyingi: mifumo endeshi huria (ile ya kuendesha kompyuta ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote) kama Debian, Fedora, Arch, Alpine, FreeBSD, OpenBSD na mingine chungu nzima inafanya kazi ileile, basi kwa nini wajenzi wote wasiungane wakajenga mfumo mmoja ulio imara? Kabla ya kujibu, tuhesabu vizuri. Distro (mikusanyiko ya Linux iliyo tayari kutumika) ishirini zinazochukua vifurushi vya programu vya Ubuntu, zikabadilisha mandhari na programu chache za mwanzo, si mifumo ishirini. Kerneli, yaani kiini cha mfumo, ni ileile, maktaba ya C ambayo karibu programu zote huitegemea ni ileile, na kosa likiingia kwenye shina hufika kila tawi.

Hilo limewahi kutokea. Mwaka 2006 Debian iliondoa mistari fulani kwenye OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, kwa sababu programu ya kukagua kumbukumbu ilikuwa ikiilalamikia. Chanzo pekee cha unasibu (kinachofanya funguo za siri zisibashirike) kilichobaki kikawa namba ambayo mfumo huipa kila programu inayoendeshwa, yaani funguo zisizozidi 32,768 kwa kila aina na urefu kwenye mashine za usanifu mmoja. Mtu angeweza kuzizalisha zote mapema na kuzijaribu moja moja. Kosa liligunduliwa Mei 2008, na Ubuntu, iliyojengwa juu ya Debian, ilikuwa imekwisha kulirithi. Mifumo isiyotokana na Debian haikuzalisha funguo hizo dhaifu. Wingi wa misingi ulikinga. Wingi wa majina haukusaidia kitu.

Kisa cha xz, programu ya kubana mafaili, cha Machi 2024 kina mengi zaidi, maana kinazipa nguvu pande zote mbili. Matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yalipandikizwa mlango wa nyuma (njia ya siri ya kuingilia) uliolenga sshd, seva ya OpenSSH inayopokea wanaoingia kwenye mashine kutoka mbali. Kwa asili sshd haitumii liblzma, maktaba ya xz, kabisa. Baadhi ya distro ziliitia kiraka (badiliko dogo la msimbo) ili iwasiliane na systemd, programu ya kuwasha huduma, na maktaba ya systemd ndiyo iliyoivuta liblzma ndani. Msimbo wa hila ulikubali kujijenga tu kwenye Linux ya x86-64 (kompyuta za kawaida za Intel na AMD) yenye glibc, maktaba ya C ya distro nyingi, kifurushi kikiwa cha deb (aina ya Debian) au rpm (aina ya Fedora). OpenBSD, nyumbani kwa OpenSSH, haikuguswa. Debian ya kawaida nayo ilipona kwa kuwa matoleo hayo yalikuwa bado kwenye matawi ya majaribio, na huko ndiko Andres Freund alikoona kuingia kwa ssh kumechelewa kwa takriban nusu sekunde, akafuatilia.

Lakini tazama upande wa pili. Mlango ulipitia kiraka kilichoongezwa na wafungashaji wa distro, ambacho wenyewe wa OpenSSH hawakukiweka. Na xz yenyewe, iliyomo karibu kila mahali, kwa miaka mingi ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja aliyeelemewa. Kila distro ina mtu wa kuifungasha xz. Wa kuisoma na kuitunza kwenye chanzo walikuwa adimu. Kwangu hii ndiyo hasara kubwa kuliko zote.

Anayesambaza programu naye analipa. Ukikompaili (ukigeuza msimbo kuwa programu) kwenye Ubuntu 22.04, yenye glibc 2.35, programu inaweza kukataa kuwaka kwenye Debian 11, yenye 2.31, kwa kudai GLIBC_2.34. Ukiipeleka Alpine, inayotumia musl, maktaba nyingine ya C, utaambiwa faili halipo ilhali unaliona: kinachokosekana ni kipakiaji cha glibc ambacho faili hilo linakitafuta. Dawa ni kukompaili ndani ya kontena (mazingira yaliyotengwa) la mfumo wa zamani zaidi unaokusudia kuuhudumia, ukihakiki toleo la glibc kwa ldd --version, au kujenga na musl kwa kuunganisha maktaba zote ndani ya faili moja. Flatpak, Snap na AppImage, njia za kusambaza programu ileile kwa distro mbalimbali, zilikuja kumaliza tatizo hili, na sasa zenyewe ni tatu.

Kwa msimamizi wa seva, seva ya wavuti ya Apache ni apache2 kwenye Debian na httpd kwenye Fedora. Hilo huzoeleka. Kinachopoteza saa nzima ni SELinux, kinga ya Fedora inayotoa ruhusa kwa kufuata lebo za mafaili: ukihamisha kurasa kwa mv kutoka folda la nyumbani kwenda /var/www, lebo ya zamani husafiri nazo, na seva inanyimwa ruhusa ingawa ruhusa za kawaida za chmod ziko sawa. Amri ya restorecon -Rv /var/www hurekebisha. Aliyejifunza kwenye Ubuntu, inayotumia kinga nyingine, AppArmor, hana sababu ya kuijua.

Pamoja na hayo, ushindani wa kweli umelipa. OpenSSH ilizaliwa ndani ya OpenBSD mwaka 1999, na leo inatumika hata na wasioujua mfumo huo. Red Hat ilipotangaza Desemba 2020 kwamba CentOS 8, nakala ya bure ya mfumo wake wa kulipia, ingekoma mwisho wa 2021, Rocky Linux na AlmaLinux zilijitokeza na watumiaji wakapata pa kwenda. Uhuru wa kuchipua mradi mpya ni bima, na bima hiyo haipo pasipo watu wanaojua kujenga distro nzima.

Kwa hiyo anayetaka kuanzisha distro nyingine ajiulize kwanza kama anabadilisha msingi: kerneli, maktaba ya C, namna ya kuwasha huduma au ya kusasisha. Kama haja yake ni mkusanyiko wa programu za fani fulani, njia ya Debian Med inatosha. Zana za tiba na biolojia ziliingizwa ndani ya Debian yenyewe, na amri ya apt install med-bio huzileta zikiwa na watunzaji walewale na masasisho yaleyale ya usalama.