Anayehamahama kwenye mifereji asitozwe zaidi

Tangu Aprili 2024, anayeishi kwenye boti katika mifereji ya Uingereza bila maegesho ya kudumu hulipia leseni ghali kuliko jirani yake mwenye maegesho, hata kama boti zao zinalingana kila kitu. Nyongeza hiyo, iliyowekwa na Canal & River Trust, shirika linalotunza mifereji hiyo, ilianza na asilimia 5, na mpango ni ipande mwaka hadi mwaka mpaka ifike asilimia 25 mwaka 2028. Mimi na mume wangu tumo katika kundi hilo la wahamaji, na nasema wazi kwamba nyongeza hii si haki.

Kwa ambaye hajaziona, boti hizi ni za chuma, ndefu na nyembamba mno. Upana wake ni mita 2.1 hivi, sawa na Coaster zetu za abiria, na zile ndefu kabisa hufika mita 21, yaani Coaster tatu zimefuatana. Jiko, choo, kitanda na stovu ya makaa vyote vimepangwa mstari mmoja. Wembamba huo una sababu yake. Karne ya 18, mhandisi James Brindley alipoongoza uchimbaji wa mifereji ya kupitisha makaa ya mawe, chumvi na vyombo vya udongo, alijenga loki nyembamba, na kila boti iliyofuata ikabidi ienee humo.

Loki ni chumba cha mawe au matofali chenye milango mbele na nyuma, na humo ndimo boti hupandishwa au kushushwa pale ardhi inapobadilika kimo. Tukipanda ile ya Somerton, kwenye Mfereji wa Oxford, mume wangu hushika kana akaiingiza boti polepole, huku kuta zenye utelezi wa kijani zikimzidi kimo kulia na kushoto, maana kina chake kinapita mita tatu na nusu. Mimi nakuwa juu. Naufunga mlango wa nyuma kwa kuliegemea boriti lake, nachomeka hendeli kwenye gia za kufungulia maji upande wa mbele, nazungusha, meno ya chuma yanagonga ta-ta-ta, na maji yanaanza kunguruma chini. Ukifungua kwa pupa, boti inarushwa huku na huku mpaka vikombe vinaanguka kabatini, kwa hiyo nafungua nusu, nasubiri, kisha namalizia. Maji yakishalingana, mlango ambao punde tu watu kumi wasingeutikisa unafunguka kwa mgongo wa mtu mmoja. Kutupitisha sisi tu, zaidi ya lita 150,000 zimeteremka.

Nayataja maji hayo kwa sababu hoja tunayopigwa nayo ndiyo hiyo: msafiri wa kila siku anautumia mfereji zaidi, basi alipe zaidi. Hoja haishiki. Sheria ya mwaka 1995 inamruhusu mtu kuishi bila maegesho ya kudumu mradi boti yake itumike kwa safari za kweli, wala isikae mahali pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo, ila kukiwa na sababu ya maana. Kusafiri ndilo sharti letu. Unamlazimisha mtu ahame, kisha unamtoza kwa kuhama? Naye mwenye maegesho akiamua kuzunguka majira yote ya joto, loki baada ya loki, haongezewi hata senti, kwa kuwa nyongeza haimhesabii mtu loki alizopita. Kweli, mwenzetu huyo hulipia maegesho yake, na mara nyingi si pesa ndogo. Lakini kwa pesa hiyo anapata mahali pake, na penye bahati anapata umeme na bomba la maji hapo hapo. Sisi tunapanga foleni kwenye bomba la wote, na kaseti ya choo tunaibeba mkononi hadi pa kuimwagia.

Wanaodhani maisha haya ni ya bure wakae nasi msimu mmoja wa baridi. Kuna leseni, bima, ukaguzi wa usalama kila baada ya miaka minne, boti kutolewa majini kupakwa rangi ya lami, dizeli, gesi na makaa. Mzazi mwenye mtoto shuleni hupanga kila hatua akichungulia ramani, asije akatupwa mbali na shule hiyo. Huyo ndiye wa kuongezewa asilimia 25?

Malalamiko ya majirani wa mfereji kuhusu moshi wa boti zetu nayakubali, hasa mijini, na anayeacha injini ikinguruma usiku anatuharibia jina sote. Huyo aambiwe na azime.

Shirika la Canal & River Trust, lililokabidhiwa mifereji hiyo mwaka 2012, linatunza kilomita 3,200 hivi za mifereji na mito ya England na Wales, na Julai 2023 serikali ilitangaza ruzuku ambayo thamani yake itapungua baada ya 2027. Naelewa linatafuta pesa. Ila litazame pesa zinakwenda wapi. Agosti 2019, mvua kubwa iliharibu sehemu ya kumwagia maji ya bwawa lake la Toddbrook, lililojengwa ili kuulisha mfereji wa Peak Forest, na watu 1,500 hivi wa mji wa Whaley Bridge wakahamishwa nyumba zao. Helikopta ya jeshi ikawa inadondosha mawe kuimarisha ukuta. Usalama wa mji mzima ulioko chini ya bwawa ni mzigo wa taifa. Hauwezi kubebwa na leseni za wenye boti, sembuse na kundi moja kati yao ambalo kwa kawaida ndilo lisilo na pesa.

Kama nawe unaishi majini na una haki ya kupiga kura Uingereza, jua kwamba kukosa anwani hakukuzuii kujiandikisha: sheria inakuruhusu kutangaza mahali ulipo na uhusiano wako napo. Ukishajiandikisha, mwandikie mbunge wa eneo hilo kuhusu ruzuku ya serikali na nyongeza hii. Sisi tumeshamwandikia wetu.