Softiboli ya kulipwa Marekani: timu iende palipo na pesa au palipo na mashabiki?

Ligi mpya ya wanawake ya softiboli (mchezo wa jamii ya besiboli) nchini Marekani, AUSL, ilianza Juni 2025 bila timu yake hata moja kuwa na mji wa kwao. Timu zilikuwa nne, Bandits, Blaze, Talons na Volts, na zote zilizunguka nchi kwa msafara: Rosemont, Wichita, Salt Lake City na kwingineko, hadi fainali ya Julai kule Tuscaloosa, Alabama, ambako Talons waliwashinda Bandits na kutwaa ubingwa. Kwa msimu wa 2026 msafara umefika mwisho. Timu zimekuwa sita na kila moja imepewa makao: Chicago Bandits, Carolina Blaze, Texas Volts, Utah Talons, Oklahoma City Spark na Portland Cascade.

Ukizipanga hizo sita kwenye ramani, unaona kwamba waliochagua hawakuwa na kauli moja. Kuna jiji kubwa la biashara, kuna ngome ya softiboli ya vyuo vikuu, na kuna sehemu ambazo hazimo katika kundi lolote kati ya hayo mawili. Ni kana kwamba pande mbili, wanaotaka majiji yenye pesa na wanaotaka miji yenye mashabiki wa vyuo, zilivutana na kila moja ikapata chake.

Wana sababu ya kuogopa kukosea, maana ligi za kabla yao zilikufa. Mwaka 1976 Billie Jean King, bingwa wa tenisi, na Joan Joyce, mrushaji (anayemrushia mpigaji mpira) aliyeogopwa kuliko wote enzi zake, walikuwa miongoni mwa walioanzisha ligi ya kwanza ya kulipwa. Ilidumu misimu minne, na Connecticut Falcons wakabeba ubingwa mara zote nne. (Mashabiki wa timu nyingine walinunua tiketi kwa matumaini gani, sijui.) Ikaja ligi ya 1997, nayo ikaishia 2001. Kisha National Pro Fastpitch, iliyoanza 2004 na kusimama 2021. Hii ya mwisho ilidumu kuliko zote, lakini timu zake zilizaliwa, zikahama na kufa kila baada ya misimu michache, hadi ratiba ikawa inajazwa na klabu zilizoundwa kwa wachezaji wa China, Canada na Australia. Uwanjani hazikuwa mbaya. Ila shabiki wa Ohio hakuwa na kisa chochote na timu ya namna hiyo, na ligi isiyo na uhasama wa jirani kwa jirani huishia kuwa mfululizo wa mechi za kirafiki.

Wanaotaka majiji makubwa huanzia kwenye pesa. Wadhamini wako huko, vituo vya televisheni viko huko, na mapato ya mlangoni peke yake hayajawahi kuiweka hai ligi yoyote kati ya hizo. Tena Mei 2025 ligi kuu ya besiboli, MLB, ilitangaza kuwekeza katika AUSL, na kamishna wa AUSL ni Kim Ng, mwanamke wa kwanza kuwa meneja mkuu wa klabu ya MLB, alipochukua usukani wa Miami Marlins mwaka 2020. Yeye mwenyewe alicheza softiboli chuoni Chicago. Watu wa aina hii wanaijua thamani ya soko kubwa.

Hoja hiyo ina nguvu, lakini yaliyotokea karibu na Houston yanaipunguza. Mwaka 2016 klabu ya Scrap Yard Dawgs ilimsajili mrushaji Monica Abbott kwa mkataba wa miaka sita wa dola milioni 1, na vyombo vya habari vikashangilia. Ndani ya mkataba, mshahara wa msingi ulikuwa dola 20,000 kwa mwaka. Sehemu kubwa iliyobaki ilitegemea idadi ya watazamaji. Haikuwezekana vinginevyo, maana kikomo cha mishahara kwa timu nzima kilikuwa kama dola 150,000. Klabu ikawa bingwa 2017, kisha ikajitoa kwenye National Pro Fastpitch. Klabu moja haiwezi kuhukumu jiji zima, nakubali. Lakini mamilioni ya watu walioishi jirani hayakuisaidia kubaki.

Upande wa pili unasema: nendeni vyuoni, mashabiki tayari wapo. Fainali za vyuo vikuu za 2025, kati ya Texas na Texas Tech, zilitazamwa na zaidi ya watu milioni 2 kwenye televisheni. Devon Park, uwanja wa Oklahoma City zinakochezwa kila mwaka, unaingiza watu wapatao 13,000 na tiketi hugombewa. Ni soko gani lingine linaloanza na mtaji huo?

Hapa ndipo ninapositasita. Yule shabiki aliyevaa jezi ya chuo chake anakipenda chuo kwanza. Alisoma pale, au mwanawe anasoma pale, na softiboli ni mojawapo ya njia za kukishangilia. Ifikapo Juni wanafunzi wameondoka na mji umepoa, na timu ya kulipwa inaletwa na rangi asizozijua, ikiwa na wachezaji ambao nusu yao aliwazomea Aprili. Kuna na jambo la kipato. Kabla hajamaliza masomo, mrushaji NiJaree Canady alipewa zaidi ya dola milioni 1 kuchezea Texas Tech, na tangu 2025 vyuo vimeruhusiwa kuwalipa wanamichezo wao moja kwa moja. Katika michezo mingi kijana hutoka chuoni kwenda kutajirika. Katika softiboli nyota anaweza kushuka kipato siku anapoitwa mchezaji wa kulipwa. Maana yake ligi haimtengenezi nyota, inampokea akiwa tayari na jina, na jina hilo lina uzito zaidi karibu na pale lilipopatikana.

WNBA, ligi ya mpira wa kikapu ya wanawake ya Marekani, ililielewa hili mwaka 1997. Kabla ya kuwagawa wachezaji wengine, iliwapeleka baadhi ya nyota wake kwenye timu za karibu na walikojulikana: Lisa Leslie, aliyesomea chuo cha USC, alipelekwa Los Angeles; Rebecca Lobo wa Connecticut alipelekwa New York; Sheryl Swoopes, mtoto wa Texas, alipelekwa Houston. AUSL ingepaswa kufanya hivyo bila aibu. Kuwa na Oklahoma City halafu nyota wa Oklahoma wote wachezee kwingine ni kupoteza nusu ya faida ya kuwa pale.

Lakini kama ningeulizwa kigezo kimoja tu, ningesema uwanja. Softiboli inachezwa kwenye eneo dogo: mrushaji anasimama kama mita 13 kutoka kwa mpigaji, na uzio wa nje uko mita sitini na kitu. Ukiiweka kwenye uwanja wa besiboli unalazimika kusimamisha uzio wa muda, watu wa pembeni wanakaa mbali, na watazamaji 3,000 wanaonekana wachache hata kama ni wengi. Ukiiweka kwenye uwanja wake, hao hao 3,000 wanajaza. Bandits wa zamani, wale wa National Pro Fastpitch, walianzia kwenye uwanja wa chuo huko Lisle, kisha wakahamia Elgin. Walitulia mwaka 2011, mji mdogo wa Rosemont ulipowajengea uwanja wa softiboli. Akron, mji wa wastani wa Ohio, ulikaa na timu yake ya Racers kwa karibu miongo miwili, ikicheza Firestone Stadium, wakati timu za majina makubwa zinapukutika. Haikutajirisha mtu, lakini ilikuwepo.

Ndiyo maana siwacheki AUSL kwa kuzipa timu majina mapana kuliko miji yao. Chicago inacheza Rosemont, Portland inacheza Hillsboro, Utah na Carolina ni majina ya eneo zima. Jina linamuuzia mdhamini na televisheni, uwanja unamuuzia familia iliyo karibu. Ujanja huo una gharama, kwa kuwa mtu wa Chicago yenyewe hatasafiri hadi Rosemont, kando ya uwanja wa ndege, kila wiki, lakini ni nafuu kuliko viti vitupu katikati ya jiji.

Ninachotilia shaka ni ushahidi wa ule msafara wa 2025. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: mji uliojaza uwanja usiku ambao ligi imepita haujasema kama utarudi mara kumi na mbili. Ligi ya magongo ya barafu ya wanawake, PWHL, ilipanga mambo kinyume chake. Ilianza Januari 2024 na timu sita zenye makao, msimu uliofuata ikapeleka baadhi ya mechi miji mingine, kisha ikachagua Seattle na Vancouver. Wakati inapima miji mipya, ilikuwa tayari inajua tiketi za msimu zinavyouzika katika miji yake.

Kwa hiyo timu ya saba ingoje. Mwaka 2028 softiboli inarudi Olimpiki, na ingawa michezo ni ya Los Angeles, mechi za softiboli zitachezwa Oklahoma City. Wenye mtaji watabisha hodi kabla ya hapo, kila mmoja na jiji lake mkononi. Wa kwanza kuulizwa wawe wale wenye uwanja wa softiboli walio na uhakika nao Juni na Julai kwa miaka mitano, hata kama mji wao haujulikani New York.