Kiti cha kulia kwenye ndege ya nauli nafuu

Kijana wa Arusha au Moshi akimaliza mafunzo ya urubani, ukoo mzima unataka kumwona kwenye ndege kubwa inayotua KIA, uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro. Kazi inayopatikana mapema hapa kwetu, hata hivyo, mara nyingi iko Kisongo, uwanja mdogo wa ndege wa Arusha: Cessna Caravan ya injini moja, watalii wasiozidi dazeni moja hivi, safari ya Seronera au Kogatende huko Serengeti na kurudi. Ndiyo maana shirika la nauli nafuu lenye Airbus likitangaza nafasi za rubani msaidizi, yule anayekaa kiti cha kulia kando ya kapteni, wengi wanasaini kwanza na kusoma mkataba baadaye. Mimi sina ugomvi na nauli nafuu. Ninachotaka kijana ajue kabla ya kusaini ni nani atabeba hasara shirika likianguka.

Maana yanaanguka. Novemba 2012 Fastjet, shirika la nauli nafuu, ilianza kuruka kati ya Dar es Salaam, KIA na Mwanza kwa Airbus A319, nauli ikianzia shilingi 32,000 kabla ya kodi. Watu waliozoea kushinda kutwa kwenye basi la Dar wakaanza kwenda msibani kwa ndege. Desemba 2018 Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, ikatangaza kusudio la kuifutia leseni, madeni yakiwa miongoni mwa sababu, na mambo yakaishia hapo. Afrika Kusini, yenye soko kubwa kuliko letu, ililizika shirika la nauli nafuu la 1time mwaka 2012. Mango ikasimamisha safari 2021, kulula 2022. Faida ya kila kiti ni ndogo mno, na huku kwetu mafuta na gharama ya kukodisha ndege hulipwa kwa dola wakati abiria analeta shilingi. Shilingi ikishuka, shirika haliwezi kupandisha nauli bila kumrudisha abiria stendi ya basi.

Sasa upande wa pili, ambao wazee hawauoni. A319, A320 na A321 ni familia moja, na rubani aliyeidhinishwa kurusha mojawapo anahesabiwa kuwa na idhini ya zote. Shirika likifa leo, idhini hiyo inabaki kwenye leseni yake, na ndege hizo ziko kila bara. Hilo ni jambo kubwa. Lakini idhini haikai kama cheti cha ndoa: lazima ihuishwe kwa mitihani ya simuleta, mashine inayoiga ndege, kwa kawaida nje ya nchi na kwa dola. Rubani aliyekosa ajira akakaa nyumbani Machame mwaka mzima anaona thamani yake ikipungua mwezi hadi mwezi.

Halafu kuna suala la saa za kuruka, na hapa ndipo Kisongo inapodharauliwa isivyostahili. Leseni ya juu kabisa ya urubani inahitaji saa 1,500 kwa viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, na si zote zinaweza kuwa za urubani msaidizi. Sehemu yake lazima uwe umeruka kama kapteni, au ukifanya kazi ya kapteni chini ya usimamizi. Kwenye Caravan rubani akishaaminiwa ndiye kapteni. Anapakia mabegi, anapiga hesabu ya uzito mwenyewe, anaondoka kwenye kiwanja kilicho karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na akifika mbugani anapita kwanza juu ya kiwanja kuangalia kama nyumbu wamekaa njiani. Maamuzi hayo yote ni yake. Anachokosa ni kazi ya marubani wawili kwenye ndege ya jeti, na mashirika makubwa yanaitaka hiyo. Tena masika yakiingia kambi nyingi za watalii hufungwa, na saa zinapungua ghafla.

Kuhusu uchovu, maneno ni mengi kuliko hali halisi. Ukomo wa saa 900 za kuruka kwa mwaka, unaotumika katika nchi nyingi, haubagui nauli. Tofauti ni kwamba shirika la nauli nafuu hukusogeza karibu sana na ukomo huo, kwa safari fupi nyingi na muda mdogo wa kuiandaa ndege kati ya safari moja na nyingine.

Wala tiketi ya bei ya chini haimaanishi rubani wa bei ya chini. Southwest ya Marekani ilijengwa kwa nauli ndogo, lakini marubani wake wana chama chenye nguvu na wako miongoni mwa wanaolipwa vizuri nchini humo. Ryanair, shirika la nauli nafuu la Ulaya, ilikataa vyama kwa miaka mingi. Mwaka 2017 ratiba za marubani zikaivurugikia, ikafuta safari kwa maelfu, na Desemba mwaka huohuo ikakubali kuzungumza na vyama kwa mara ya kwanza. Mfumo wa biashara unafanana, mikataba haikufanana.

Kwa hiyo ushauri wangu unaegemea upande mmoja. Shirika likigharamia mafunzo ya ndege yake na kukufunga kwa mkataba wa miaka michache, nenda, hata kama unaona litaishi miaka mitano tu; utatoka na idhini na saa. Likikutaka ulipie mafunzo mwenyewe kwa mkopo, kisha likupe mkataba wa kulipwa kwa saa ulizoruka, baki Kisongo ukusanye saa za ukapteni, maana hapo hatari ya biashara wamekutwisha wewe. Na kabla ya kusaini, tafuta kifungu kinachosema deni la mafunzo linafutika shirika likisimamisha safari. Kama hakipo, omba kiandikwe. Wakitaka shamba la mzee liwekwe dhamana, kataa.