Mahindi ya Julai, Njaa ya Februari

Sensa ya 2022 ilituhesabu Tanzania watu 61,741,120. Ile ya 2012 ilitukuta karibu milioni 45. Tukiendelea kuongezeka kwa asilimia 3.2 kwa mwaka, mtoto anayeanza darasa la kwanza leo pale Mbalizi, Mbeya, hatafikisha miaka thelathini kabla ya idadi yetu kuwa maradufu.

Tutawalishaje wote hao? Kila hotuba inajibu vilevile: tufungue mashamba mapya. Wapi? Usangu? Mto Ruaha Mkuu unaopita huko umekuwa ukikauka kiangazi tangu 1993, na mabwawa ya Mtera na Kidatu yanayasubiri maji hayohayo kwa ajili ya umeme. Huku milimani shamba la urithi linakatwa vipande kila mzee anapofariki.

Mimi ningeanzia stoo. Mkulima wa Mbozi anavuna Juni na Julai, wakati kila jirani anavuna. Ada inadaiwa, mkopo wa pembejeo unadaiwa, na dumuzi, mdudu mla mahindi ghalani, yuko mlangoni. Mdudu huyu aliingia nchini kupitia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 (huko wakambatiza Scania, jina la lori, na hawakukosea), na gunia lisilotiwa dawa analigeuza vumbi kabla msimu mwingine haujafika. Basi mkulima anauza upesi, kwa bei anayopanga mlanguzi. Februari, mahindi yake yakiwa bado mabichi shambani, anakwenda sokoni kununua kwa debe kile alichokiuza kwa gunia.

Dawa ipo. Mifuko ya kinga njaa hufungwa hewa isipite, mdudu akafa kwa kukosa pumzi, bila kemikali yoyote. Tatizo bei yake ni mara kadhaa ya kiroba cha kawaida. Ruzuku ya mbolea ya msimu wa 2022/23 niliifurahia sana, lakini kumwezesha mtu avune zaidi halafu umwache bila pa kuhifadhi ni kumlimia dumuzi.

Na mpaka uachwe wazi. Mwaka 2017 serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, bei ikaanguka, na wengi huku bado wana kinyongo. Mwaka 2024 Zambia ilipopigwa na ukame, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ulikubaliana kuiuzia tani 650,000. Hiyo ndiyo biashara ya kumfanya kijana wa Vwawa abaki shambani.

Ningepewa nafasi kwenye bajeti, ningeiingiza mifuko hiyo kwenye ruzuku ileile ya mbolea, kwa usajili uleule wa mkulima, na ifike vijijini Mei, kabla mahindi hayajavunwa.