Nigeuzie Ubavu

Naandika mdomo ukiwa bado upande mmoja. Ganzi haijatoka, maji nikinywa yanachuruzika kidevuni, lakini kungoja siwezi, maana ile sauti aliyorekodi rafiki yangu, Msemaji Mkuu, kuhusu yaliyonipata leo imeshafika mpaka kwenye makundi ambayo mimi mwenyewe simo. Binamu yangu kanirushia jioni hii na maneno mawili tu: "Ni wewe?"

Nimeisikiliza yote. Anaanza kwa kucheka, katikati anacheka, mwisho anashindwa kumaliza kwa sababu ya kucheka, na kwenye zile nafasi ndogo alizopumua amechomeka uongo wa aina tatu: kwamba nilikuwa nampiga picha mama wa watu kwa siri, kwamba nilikuwa namtongoza, na kwamba nilipoanguka nilimpigia saluti. Tutaupitia wote. Tulieni.

Kwanza kifaa chenyewe. Mnajua nina Nintendo 3DS, kifaa cha gemu cha mkononi, ile ya kufungua na kufunga, iliyoacha kutengenezwa tangu 2020 na ambayo mimi bado naitunza kama cheti cha kuzaliwa. Ndani yake kuna Steel Diver, gemu ya nyambizi ya mwaka 2011. Wengi waliijaribu wakaiweka pembeni, wanasema ni ya polepole mno. Ni kweli. Nyambizi haikati kona kama pikipiki. Unasogeza wenzo kwenye skrini ya kugusa, chombo kinatafakari, kinashauriana na maji, ndipo kinaanza kugeuka, na muda huo mwamba umeshawasili. Ukipigwa, maji yanaruka ndani na inabidi uzibe matundu kwa kile kikalamu huku unaendelea kukimbia. Mimi raha yangu ndiyo hiyo. Msinihukumu.

Sasa humo ndani kuna sehemu ya periskopu, ile darubini ya nyambizi ya kuchungulia juu ya maji, na hapo ndipo nilipozikwa. Kuangalia kushoto au kulia hakuhitaji kitufe. Kifaa kina jairoskopu, kinajua kimeelekezwa wapi. Ukitaka kuona kilicho nyuma yako baharini, unageuka nyuma wewe, na mwili wako wote. Halafu ile picha ya pande tatu ina masharti yake: kichwa na skrini lazima vitazamane sawasawa, ukiinamisha kidogo tu unaona meli mbili zilizolewa. Kwa hiyo mchezaji makini ananyoosha mikono, anakaza shingo, anazunguka mzima mzima. Nyumbani nazungukia chumbani kwangu, mlango nimefunga.

Leo sikuwa nyumbani. Nilikuwa kliniki ya meno.

Mimi na sindano hatuelewani tangu utotoni, hivyo Msemaji Mkuu alijitolea kunisindikiza. "Usijali, nipo," alisema. Alikuwepo kweli. Ukumbi wa kungojea ulijaa, kila mtu kashika shavu lake, kimya kile cha watu ambao hata kumeza mate ni kazi. Viti vyote vya ukutani vilikuwa na wenyewe. Katikati kikabaki kimoja tu, cha ofisi, kile cha kuzunguka, bila shaka kilitolewa ndani baada ya gurudumu lake moja kung'oka. Watu wote walikiona wakakipita. Mimi nikaona mnara wa nyambizi.

"Hicho kibovu," Msemaji Mkuu akasema.

"Kinazunguka," nikamjibu.

Na kabla hamjanicheka, mjue nyambizi ni chombo cha aibu tangu zamani. Kulikuwa na moja ya Wajerumani, U-1206, iliyopotea Aprili 1945 karibu na Uskoti, na chanzo chake ni choo. Choo cha kisasa, chenye valvu zake, kilichohitaji mtu aliyefundishwa kukitumia. Kikatumiwa vibaya, maji ya bahari yakaingia, yakafika kwenye betri, ikatoka gesi ya klorini, ile ya sumu, ikabidi waibuke juu mchana kweupe wakaonwa na ndege za adui. Kwa hiyo mtu akianguka kwenye kiti, tuwe na kiasi.

Haya. Kwa wasiocheza, somo fupi, la sivyo hamtaelewa kwa nini nilisema niliyosema. Torpedo, kombora la nyambizi, si risasi. Linaogelea. Na meli nayo inatembea. Ukilenga pale ilipo, torpedo litafika na kukuta povu tu. Kwa hiyo unalenga mbele yake, pale itakapokuwa, halafu unaomba isibadili mawazo. Tena meli ikikuelekezea pua ni nyembamba, utakosa. Unangoja mpaka ikupe ubavu mzima.

Jambo jingine: mtu aliyevaa hedifoni hajui sauti yake inafikia wapi. Mimi nilidhani nanong'ona. Naambiwa nilikuwa natangaza.

Basi. Nilishaingia mchezoni, jino nimelisahau kabisa. Visigino vinasukuma sakafu kidogo kidogo, kiti kinazunguka kuelekea kulia, mikono nimenyoosha, kifaa usawa wa macho. Bahari tupu. Bahari tupu. Halafu ikatokea. Meli ya mizigo, pana, imesheheni, pua imenielekea mimi.

Nikasimamisha kiti.

Nyuma ya kifaa, kule nisikokuona, alikuwa amekaa mama mmoja wa makamo, heshima zake kamili, pochi kubwa mapajani, shavu la kushoto limevimba. Mkumbuke 3DS ina lenzi mbili mgongoni mwa kifuniko. Alichokiona yeye ni kijana aliyekuwa akijizungusha kwenye kiti kibovu, ambaye ghafla kasimama mbele yake, kamkazia lenzi mbili, na kutabasamu.

"Karibu, mnene," nikasema.

Mama akatazama kushoto kwake. Akatazama kulia kwake. Waliokaa pande zote mbili walikuwa wembamba.

"Usinipe uso," nikaendelea. "Nigeuzie ubavu."

Naambiwa hapo hata mzee aliyekuwa amelala aliamka. Mama akaipandisha pochi kifuani. Akajipindua kidogo pembeni ili asinitazame, jambo la kawaida kabisa kwa mtu mwenye akili zake, ila kwa bahati mbaya na meli yangu nayo wakati huohuo ikaanza kugeuka.

"Hivyo hivyo!" nikasema. "Hivyo hivyo mama yangu, taratibu, usiwe na haraka."

(Msemaji Mkuu alikuwa amekaa hatua chache kutoka kwangu. Angeweza kunigusa bega. Mguu wake ungeweza kukifikia kiti. Yeye alikuwa anatafuta kitufe cha kurekodi. Shukrani zangu kwa betri yake iliyozimika.)

Mama akaona isiwe taabu, akainuka aende kwenye dirisha la mapokezi kunisemea. Akatembea kutoka kushoto kwenda kulia. Na meli ikatembea kutoka kushoto kwenda kulia. Naapa, mwendo ulikuwa mmoja. Nikamfuata na kifaa. Akaongeza hatua. Nami, kwa elimu niliyowaeleza hapo juu, nikajua sitakiwi kulenga alipo, natakiwa kulenga atakapokuwa. Kifaa kikampita, kikaenda kumngojea dirishani.

"Ukifika hapo umekwisha," nikamwambia.

Sasa tuje kwenye waya, maana bila waya hii habari ingeishia kwenye kuomba radhi tu. Hedifoni zangu zina waya mrefu. Ulikuwa unaning'inia mpaka chini na ukanasa kwenye mguu wa kiti, mimi sina habari. Kiti cha namna ile juu kinazunguka, mguu hauzunguki. Na mimi tangu nikae nilikuwa nazunguka upande mmoja tu. Kila mzunguko waya ukajisokota kwenye nguzo, ukafupika, ukakivuta kichwa changu chini pamoja na kifaa. Nilikuwa nimeinama mpaka kidevu kinakaribia magoti. Mimi nikadhani ni umakini. Nikapitisha mkono wa kulia chini ya waya ili nipate nafasi ya kubonyeza vizuri.

"Moja," nikasema. "Mbili. ACHIA!"

Torpedo likaondoka.

Wakati linasafiri, niwape historia kidogo. Manowari ya Marekani USS Tang, nyambizi iliyosifika kuliko nyingi, Oktoba 1944 ilikuwa kwenye Mlango-Bahari wa Taiwan, imebakiza torpedo la mwisho. Ikalirusha. Torpedo likaenda, likapinda, likaanza kuzunguka, likarudi na kuipiga nyambizi yenyewe. Walikuwa mabaharia hodari wa kweli wale, wala si mtu wa jino bovu. Nasema tu kwamba baharini kinachozunguka hakina rafiki.

Mama akafika dirishani. Akageuka kumnyooshea kidole huyu kijana. Meli ikajaa kwenye periskopu, ubavu wote, wazi kabisa. Mimi nikaukaza mwili nione vizuri, nikazungusha kiti nyuzi chache za mwisho, na waya ukafika mwisho wa subira yake. Ukachomoka kwenye kifaa: tki.

Mwenye 3DS anajua: hedifoni zikitoka, sauti inahamia kwenye spika. Na sauti nilikuwa nimeipandisha mpaka juu.

Mlipuko ukapiga katika ule ukumbi wa wagonjwa, wazi, mkavu. Mtu mmoja akasema "Yesu!" Mwingine akapiga kelele, halafu akashika taya kwa sababu kupiga kelele kulimuuma. Mimi, kichwa changu kilichokuwa kimefungwa chini muda wote kikaachiwa kwa ghafla, nikafyatuka kwenda nyuma. Kiti kikaelemea upande usio na gurudumu. Kikafikiri kidogo. Nilipata muda wa kuona dari, taa, uso wa Msemaji Mkuu ukiwa na machozi tayari, halafu sakafu ikaja.

Nikatua ubavu, miguuni pa mama. Mkono wa kulia, ule niliopitisha chini ya waya, ukabanwa na waya kwenye paji la uso, vidole vimenyooka. Hiyo ndiyo saluti mnayoisikia. Kifaa kikaanguka wazi tumboni kwangu, kinaendelea kutoa milio ya bahari. Na kwa kuwa malezi ni malezi, nikiwa pale chini mkono umekwama usoni, nikasema neno pekee lililokuja:

"Shikamoo mama."

Hakuitikia.

Yaliyofuata nitayapitia haraka kwa faida ya afya yangu. Dada wa mapokezi akatoka na mlinzi. Waya ukakatwa kwa mkasi wa kliniki. Mama akasema huyu ananipiga picha na kunitolea maneno. Mimi nikaeleza nyambizi, periskopu, torpedo, kadiri ninavyoeleza ndivyo inavyozidi kuharibika. "Alikuambia ugeuze nini?" mlinzi akamuuliza. "Ubavu," mama akasema. Wote wakanitazama. Nikamtafuta shahidi wangu aniokoe. Msemaji Mkuu alikuwa ametoka nje, kajiegemeza ukutani, hawezi kusema wala kusimama.

"Nionyeshe hizo picha," mama akasema.

Nikafungua sehemu ya picha. Nisingeweza kukataa. Na humo, ndugu zangu, kulikuwa na picha za gego langu. Gego tu. Kwa kuwa usiku maumivu yalipozidi nilitaka kuona tundu limefika wapi, nikafungua mdomo na kulipiga bila kuona, kutoka kila pembe niliyoweza. Kamera zile za nje zinapiga picha za pande tatu. Mama akazipitisha moja baada ya nyingine, polepole, na kwenye kila moja jino bovu lilimtokea likiwa na kina chake chote.

Akanirudishia kifaa kwa vidole viwili.

"Hili ndilo linalokuleta?"

"Ndiyo mama."

"Pole." Akaenda kukaa mbali na mimi kadiri ukumbi ulivyoruhusu. Mimi nikasimama ukutani. Kiti kikaondolewa.

Jino halikung'olewa, limesafishwa mzizi na kuzibwa kwa muda, kazi itamaliziwa siku nyingine. Daktari alikuwa ameshapata habari kabla sijaingia, aliniambia nikihisi maumivu niinue mkono, "ila usipige saluti." Sikuhisi sindano kabisa. Aibu ina ganzi yake.

Natoka, na mama anatoka chumba cha jirani, pamba imejaa mdomoni, shavu limezidi kuvimba. Tukakutana mlangoni. Nikampisha, nikainamisha kichwa. Akapita. Akafika nje, akasimama, akageuka, akanitazama kuanzia viatu mpaka nywele.

"Mayahaba," akasema na ile pamba yake. "Mnene."

Huo uongo wa kutongoza ndio umeishia hapo, mwenye masikio amesikia.

Ila kuna jambo hata Msemaji Mkuu halijui. Kadi yangu ya kurudi imeandikwa wiki ijayo, saa tatu asubuhi. Dada alipokuwa anaandika ya mama nilichungulia dirishani. Wiki ijayo, siku ileile, saa tatu asubuhi. Mwenye kujua kliniki nyingine ya meno aje inboksi. Msemaji Mkuu asijibu, nimemfungia.