Madini peke yake hayakati chuma

Nimesoma makala inayosema eti tukijenga mitambo ya kusafisha madini yetu hapa Uganda, kauri na metali ngumu za viwandani zitafuata zenyewe. Hapo mwandishi ameruka hatua. Mimi ni mkerezaji hapa Katwe, Kampala, na chuma nakikata kwa ncha za kabaidi, yaani punje za tangsteni na kaboni zilizoshikanishwa kwa kobalti. Tangsteni imechimbwa Nyamuliro kule Kigezi. Kobalti nayo ilianza kutolewa Kasese mwaka 1999 kwenye mabaki ya mgodi wa Kilembe, bakteria ndio wakifanya kazi ya kuyayeyusha mabaki hayo ili kobalti itoke, na ikasafishwa papo hapo hadi kuwa metali. Je, ncha zilifuata? Ninazonunua mimi zinatoka India na China. Kazi yenyewe iko kwenye unga wa kabaidi na kobalti: usagwe mpaka punje ziwe ndogo na za saizi moja, ushindiliwe kwenye kalibu, kisha uchomwe bila hewa kwa nyuzi joto 1,400 hivi ili kobalti iyeyuke na kushika punje. Kipande hunywea karibu humusi ya urefu wake, kwa hiyo anayetengeneza kalibu lazima apige hesabu mapema. Kaboni ikizidi au ikipungua kidogo tu, ncha inamegeka kwenye chuma cha kwanza. (Na umeme wetu huu, ukikatika tanuri likiwa katikati ya kazi!) Tuanze na wataalamu wa unga na matanuri, jamani. Wenye vinu vya mahindi pale Kisenyi, kuna aliyejaribu nyundo za kusagia, zile za ndani ya kinu, zilizopakwa kabaidi? Zilidumu kuliko za chuma cha kawaida?