Mnunuzi wa gemu si mtoto

Jamani, nani aliwaambia wauza gemu wa Dodoma kwamba kila anayeingia dukani anamnunulia mtoto? Mtu ana ndevu, ametoka kazini Mtumba kwenye ofisi za serikali, bado anaulizwa, "Mtoto ana miaka mingapi, bosi?" Dada akiingia ndiyo kabisa, haulizwi hata anacheza nini! Marekani, ambako takwimu za wachezaji hutolewa kila mwaka, wastani wa umri umevuka miaka 30 na wanawake ni karibu nusu. Sisi tunaonunua kwa mshahara wetu hatuonekani?

Maswali ya maana ndiyo hayaulizwi. PS5 yako, ile mashine ya gemu ya Sony, ina sehemu ya kuingiza CD? Toleo la dijitali linakuja bila hiyo sehemu, na CD utakayouziwa utaishia kuitazama. Akaunti yako ya kununulia gemu mtandaoni ni ya nchi gani? Kadi ya salio ya Marekani haiingii kwenye akaunti ya Uingereza, na ukishakwangua namba, nani atakurudishia hela? Bando lako likoje? Gemu kubwa la siku hizi laweza kuvuka GB 100, na hata ukiwa na CD, masasisho yanadai GB zake. Hiyo ni gharama ya pili, na haimo kwenye bei ya dukani.

Halafu hizi akaunti za kushea, yaani akaunti ya mtu mwingine yenye gemu unayouziwa uitumie naye, zinazouzwa bei chee! Mwenye akaunti akibadili nywila, gemu limekwenda. Hela za mtu mzima hizo, tena za mwisho wa mwezi. Muulizeni kwanza anachezea mashine gani!